Ujumbe Wako kwa Mbunge Unaishia Wapi?

Fungua ukurasa wa Facebook wa mbunge yeyote wa Nyanda za Juu Kusini, uteremke hadi kwenye maoni. Chini ya picha ya mheshimiwa akikabidhi saruji shuleni utakuta mistari kama hii: "Mheshimiwa tukumbuke na huku kwetu." "Mh. barabara vipi?" "Maji jamani, tunateseka." Walioandika wana shida ya kweli, na bando wamelinunua kwa hela ambayo ingefanya kazi nyingine nyumbani. Ila "huku kwetu" ni wapi? Barabara ipi, na inahudumiwa na nani? Mbunge anayesoma maoni mamia ya namna hiyo hana pa kuanzia, hata akiwa na nia njema kabisa.

Kumpata mbunge kwa simu siku hizi si kazi ngumu. Kinachowashinda wengi ni hatua inayofuata: kumpa jambo analoweza kulibeba hadi ukumbini Dodoma, likarudi na jibu lenye tarehe na kiasi cha fedha. Njia hiyo ina vituo vyake, na inaniuma kuona watu wanaandika kwa uchungu miaka nenda rudi bila kuambiwa vituo hivyo viko wapi. Kwa hiyo tuifuate, kuanzia kwenye simu ya mwananchi hadi kwenye kumbukumbu za Bunge.

Jimbo lako ni lipi?

Wengi hukosea hapa, kwa sababu wilaya na jimbo haviendi sambamba kila mahali. Wilaya ya Rungwe ina majimbo mawili. Mtu wa Tukuyu yuko Jimbo la Rungwe, wa Mwakaleli yuko Busokelo. Halmashauri ya Wilaya ya Iringa nayo imegawanyika: Ifunda iko Kalenga, Pawaga iko Isimani. Mufindi ina matatu, yaani Mufindi Kaskazini, Mufindi Kusini na Mafinga Mjini. Mwaka 2025 Jiji la Mbeya liliongezewa Jimbo la Uyole, lililomegwa kutoka Mbeya Mjini, na nchi nzima sasa ina majimbo 272. Dkt. Tulia Ackson, aliyekuwa Spika kuanzia 2022 hadi 2025 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, aligombea Uyole katika uchaguzi wa Oktoba 2025. Aliyehifadhi namba ya "mbunge wetu" kabla ya uchaguzi huo aihakiki upya, maana huenda anamwandikia mtu ambaye hayumo tena bungeni, au mbunge wa ng'ambo ya mpaka wa jimbo.

Pa kuhakiki ni tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, kwenye orodha ya wabunge. Ukifungua jina utaona jimbo, chama na mambo mengine yanayohusu kazi zake. Usiishie kwenye anwani. Angalia pia kamati aliyomo. Mbunge aliye kwenye kamati inayoshughulikia maji au miundombinu hukutana na waziri na wataalamu wa sekta hiyo wakati kamati inapochambua bajeti, kabla haijafika ukumbini. Hata kama si wa jimbo lako, shida ya mkoa mzima inaweza kumhusu.

Tena kuna wabunge wa Viti Maalum, ambao Katiba inataka wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Hawana jimbo, lakini wengi wanatokana na mikoa na wanafahamika humo. Kwa mambo ya wodi za wazazi, hosteli za wasichana au mikopo ya vikundi vya kina mama, mara nyingi wao ndio wanaolishika jambo na kulifuatilia. Watu huwasahau, na ni hasara yetu wenyewe.

Mbunge anaweza nini, na hawezi nini

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 99 inaweka mpaka: hoja ya kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina au ya kupandisha kodi lazima itokane na upande wa Rais. Maana yake ni kwamba mbunge hana fungu la kujenga daraja. Anachoweza ni kumfanya mwenye fungu alitolee maelezo mbele ya taifa zima.

Upo Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Ni mfuko wa kuchochea. Unafaa kwa mabati, saruji, madawati na umaliziaji wa boma ambalo wananchi wameshalinyanyua. Ukiomba lami kwenye Mfuko wa Jimbo umeomba kisichokuwemo, na ujumbe wako utawekwa kando bila kosa la mtu yeyote.

Kwa hiyo omba kitu kilicho ndani ya uwezo wake, ukitaje kwa jina. Aulize swali la msingi. Achangie kwenye bajeti ya wizara fulani. Amwandikie waziri. Alisemee kwenye Baraza la Madiwani, ambako mbunge wa jimbo naye ni mjumbe. Au aje aone kwa macho yake. Chagua moja. Ukiomba yote kwa pamoja unamwachia achague lililo jepesi, na lililo jepesi kuliko yote ni kukujibu "nimelipokea".

Swali hurudi pale pale lilipotoka

Hiki ndicho kipande ninachotamani kila anayeandikia mbunge akijue.

Mbunge hupeleka swali la msingi Ofisi ya Bunge kabla ya siku yenyewe. Ofisi hulipeleka wizara husika. Wizara haina mtu wa kukaa kijijini kwako, kwa hiyo huomba maelezo kutoka kwenye taasisi yake, au mkoani, na kutoka huko huteremka hadi halmashauri na kwa meneja wa wilaya. Maelezo hayo hupanda tena Dodoma, na asubuhi ya siku hiyo Naibu Waziri husimama na kuyasoma. Jibu unalolisikia kwenye matangazo mubashara, kwa sehemu kubwa, limeandikwa na ofisi ile ile ambayo ungeifikia kwa bodaboda.

Sasa fikiria kama ofisi hiyo haijawahi kupokea hata karatasi moja kuhusu shida yenu. Jibu litakuja safi, bila doa: mradi upo, wananchi wanahudumiwa. Mbunge hana cha kupinga. Lakini kama mliandika barua ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na mbunge anayo picha yake kwenye simu, swali lake la nyongeza litakuwa na meno: "Mheshimiwa Spika, wananchi hao waliandika tarehe fulani na hawajajibiwa. Je, ni lini?" Muuliza swali huruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na aghalabu hapo ndipo ukweli hutoka, kwa sababu majibu yake hayakuandikwa nyumbani.

Ndiyo maana lazima ujue mwenye jambo kabla hujamwandikia mbunge. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi pale Mbeya uko huko. Barabara za mitaa na vijiji, pamoja na makalvati yake, ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017 na iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri. Maji ya mjini Mbeya na Iringa yana mamlaka zake za maji. Maji ya vijijini ni ya RUWASA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2019. Zahanati na shule za msingi na sekondari za Serikali huwarudisha kwenye halmashauri na TAMISEMI. Mbolea ya ruzuku na ununuzi wa mahindi unaofanywa na NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, ni mambo ya Wizara ya Kilimo. Mbunge akilipeleka swali la barabara ya kijiji Wizara ya Ujenzi, jibu litakuwa kwamba barabara hiyo haimo kwenye mtandao wao, na mkutano mzima wa Bunge utakuwa umepita.

Na diwani? Msimruke. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani mwenyewe. Taa moja ya soko au kivuko kimoja kilichobomoka kinaweza kumalizikia hapo. Kwa makubwa zaidi, muhtasari wa kata unaolitaja jambo lenu ni silaha ya mbunge. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji una uzito mkubwa zaidi, kwa sababu unaonyesha kwamba anayelalamika ni kijiji, pamoja na wasio na simu janja.

Ujumbe wenyewe

Mfano huu nimeutunga, lakini umbo lake ndilo ninalolipendekeza:

"Mheshimiwa, shikamoo na pole na majukumu. Naitwa (jina), mkazi wa kitongoji cha (jina), kijiji cha (jina), kata ya (jina), jimboni kwako. Mwaka 2021 wananchi tulijenga boma la zahanati kwa nguvu zetu hadi kwenye lenta. Halmashauri ilituahidi kulipaua, na ahadi hiyo imo kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji niliouambatanisha. Tulimwandikia Mkurugenzi, nakala yenye mhuri nimeiambatanisha pia. Mpaka leo mama mjamzito huku anapanda pikipiki hadi kata ya jirani, na masika barabara haipitiki. Tunaomba uiulize Serikali: Je, ni lini itamalizia boma la zahanati ya kijiji cha (jina)? Tunaomba pia katibu wako atujulishe kama ombi limepokelewa. Ahsante."

Salamu si pambo. Ukianza na "shikamoo", au "kamwene" kwa mbunge wa Uheheni na Ubenani, unajitambulisha kama mtu wa nyumbani kabla hujawa mlalamikaji. Baada ya salamu ingia kwenye jambo moja. Mwenye mambo matatu atume jumbe tatu. Na usimwachie mbunge kazi ya kutunga swali, liandike wewe. Sikiliza kipindi cha maswali asubuhi yoyote, kuanzia saa 3:00, utaona jinsi maswali mengi yanavyoanza: "Je, ni lini Serikali itajenga…", "Je, Serikali ina mpango gani wa…". Ujumbe uliokwisha kuwa na sura hiyo, katibu wa mbunge huuhamisha tu.

Huyo katibu mstahi. Ofisi ya mbunge jimboni ina mtu anayepokea, anayeorodhesha na anayekumbusha, na namba yake ni ya thamani kuliko ya mheshimiwa, ambayo hupokea simu za harusi, misiba, ada na mengine yasiyohesabika.

Wapi pa kutuma

Barua pepe ndiyo ninayoiamini zaidi kwa jambo zito. Ina tarehe, hubeba viambatanisho, na unaweza kuweka nakala kwa diwani na kwa Mkurugenzi. WhatsApp ni nzuri kwa kukumbusha na kwa kutuma picha ya kalvati lililosombwa na mvua usiku huo huo. Makundi ya WhatsApp ya jimbo yana faida ya kujua nani mwingine ana shida kama yako, lakini ombi likiingia humo saa mbili usiku, kufika asubuhi limefunikwa na salamu, rambirambi na mabishano ya mpira. Maoni ya Facebook na Instagram yanaonwa na wengi, jambo linalosaidia pale ambapo mlishaandika kwa utaratibu mkanyamaziwa. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei 2025, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatangaza tangu Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN, yaani programu za kupita kwenye zuio kama hilo, wanatakiwa kujisajili, kwa hiyo usiutegemee.

Na karatasi isitupwe. Oktoba 2025, kuanzia siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na kila kilichokuwa kwenye simu tu kilisimama. Barua kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, hufika hata mtandao ukilala. Katibu huyo ndiye anayepokea pia maoni ya wananchi juu ya miswada. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwenye kamati, na kamati hutangaza kupokea maoni ya wadau kwa barua, kwa barua pepe au ana kwa ana. Muda huwa mfupi. Ushirika wa wakulima wa kahawa Mbozi au wa chai Rungwe unaofuatilia tovuti ya Bunge unaweza kugusa sheria kabla haijawa sheria, na sijui kwa nini nafasi hiyo tunawaachia mashirika ya Dar es Salaam na Dodoma peke yao.

Kwa asiye na bando, Serikali ina mfumo wa e-Mrejesho, unaoingilika pia kwa simu ya kitochi kupitia *152*00#. Huko unaiandikia taasisi yenyewe, si mbunge. Itunze namba ya lalamiko, kwa sababu ni ushahidi kama ulivyo ule mhuri.

Majira ya Bunge na majira ya shamba

Bunge kwa kawaida hukutana mara nne kwa mwaka: mwishoni mwa Januari hadi Februari, Aprili hadi Juni kwa bajeti, Agosti au Septemba, kisha Novemba. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ombi la fedha likifika Mei limechelewa sana. Vipaumbele vya halmashauri huanza kupangwa miezi mingi kabla, na kamati za Bunge huchambua bajeti za wizara kuanzia Machi. Mwenye boma lake aanze kusema Oktoba.

Kwetu huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Swali la mbolea ya kupandia likiulizwa Februari, mahindi ya Mbozi na Ludewa yameshasimama shambani. Lingeulizwa Septemba. Ununuzi wa NFRA uulizwe wakati wa Bunge la bajeti, kabla walanguzi hawajaingia vijijini na malori yao. Na jambo la dharura la kisera, kama zuio la kuuza mazao nje linalowagusa wafanyabiashara wa Tunduma, lina mlango wake: maswali kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, yasiyohitaji kuwasilishwa mapema.

Jihadhari

Andika unachokijua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na sentensi kama "mtendaji wetu amekula hela" ukiibandika hadharani bila ushahidi inaweza kukugeuza wewe kuwa mtuhumiwa. Uliza badala yake: kiasi gani kilipokelewa, kilitumikaje? Kama una ushahidi wa rushwa, TAKUKURU inapokea simu bure kwa namba 113. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba ofisi ya umma taarifa hizo na kujibiwa ndani ya siku 30. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayowasilishwa bungeni kila mwaka na kuwekwa mtandaoni, inaweza kuwa imeshaitaja halmashauri yako. Ukurasa mmoja wa ripoti hiyo kwenye ujumbe wako unatosha.

Picha ya mgonjwa au ya mtoto aliyekaa chini darasani usiisambaze bila ridhaa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na juu ya sheria upo utu wa huyo mgonjwa. Na akaunti yoyote yenye picha ya mheshimiwa inayokuomba "ada ya kufungua faili" ili upate mkopo au ajira ni ya tapeli. Hakuna ada ya kumwandikia mbunge.

Jibu likitoka

Kumbukumbu zote za mijadala, ambazo wengi tunaziita Hansadi, huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta tarehe ya kikao, soma jibu lote pole pole. "Serikali itaendelea kutafuta fedha" maana yake hakuna kitu bado. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" maana yake wataalamu wako kwenye michoro, na mkandarasi yuko mbali. "Zimetengwa shilingi kadhaa katika mwaka huu wa fedha" ni hatua, lakini zilizotengwa zinaweza zisifike. Septemba, mwezi wa tatu wa mwaka wa fedha, muulize Mkurugenzi zimepokelewa ngapi. "Mkataba umesainiwa" ndipo mnaweza kuuliza tarehe ya kumaliza. Kila jibu lina ujumbe wake wa kufuatia, na huo nao huenda kwa katibu, ukitaja tarehe ya kikao na namba ya swali.

Ukinyamaziwa, kumbusha baada ya wiki tatu hivi, kwa adabu ile ile, ukiambatanisha ujumbe wa kwanza. Kimya kikizidi, peleka kwa mbunge wa Viti Maalum wa mkoa na kwa mjumbe wa kamati husika, ukiweka nakala kwa mbunge wako ili asije akadhani umemzunguka. Na siku swali likiulizwa, chapisha ukurasa ule wa Hansadi, mpe mwenyekiti wa kijiji ausome kwenye mkutano mkuu, kisha ubandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nusu ya waliosaini ule muhtasari hawataiona tovuti ya Bunge kamwe.